Barua kwa mwanangu Zuwena: pishi niliyoimwaga

Wete, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Asalaam alaykum. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu barazani. Umeniuliza: "Mama, kichwa changu kimekuwaje? Nasoma barua moja mara tatu haiingii, niliyoambiwa asubuhi jioni siyajui, siku inakwisha nimechoka na hakuna nililolimaliza. Ninunue vile vidonge vya kumbukumbu wanavyouziana wenzangu ofisini?"

Vidonge usinunue. Nimemuuliza kaka yako Salum, maana dawa ndiyo kazi yake. Anasema vingi vya namna hiyo hutiwa majani ya mti unaoitwa ginkgo, na mti huo ulijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000. Majibu yalitoka 2008: wazee waliopewa walipotewa na kumbukumbu sawasawa na wale ambao hawakupewa. Pesa hiyo mnunulie mtoto viatu.

Mimi sioni kama unasahau, mwanangu. Naona mambo yenyewe hayakuingia tangu mwanzo.

Unaukumbuka ule msimu mkubwa wa karafuu, wewe uko darasa la sita, bibi yako aliponipa mimi kazi ya kupima? Vibarua wanarudi jioni na mapakacha, karafuu zinachambuliwa, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule, halafu napima pishi kwa pishi, kile kipimo chetu, na kila mtu analipwa kwa pishi zake. Siku moja nampimia mama mmoja, nimefika pishi ya saba au ya nane, akaja mtu kuniuliza chumvi imewekwa wapi. Nikamjibu, neno moja tu. Kurudi kwenye lundo, sijui ni saba au nane. Yule mama anasema nane, mimi naona saba. Nikazimwaga zote nikaanza moja. Sijamaliza, kaja mwengine na swali lake. Tulilala saa sita usiku, na karafuu wala hazikuwa nyingi kushinda za jana yake.

Bibi yako hakunigombeza. Kesho yake alichukua kigoda akakaa yeye mlangoni, mwenye swali amuulize yeye. Na mimi akanifundisha kila pishi moja niweke konyo moja pembeni, ili hata nikisemeshwa, makonyo yanajua hesabu.

Basi simu yako ndiyo yule mtu wa chumvi. Kundi la ofisi, kundi la wazazi wa skuli, kundi la harusi ya binamu yako ambayo bado miezi minne! Kila moja unalijibu neno moja tu, lakini kichwa hakifanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Huiacha hii kikaenda ile, na kikirudi huanza kutafuta kilipoishia. Kutafuta huko ndiko kunakokuchosha.

Nenda na kigoda chako ofisini. Saa mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi, simu mkobani bila ya mlio, barua pepe imefungwa, na mbele yako kazi moja, ile ngumu ya siku. Mkubwa wako usimwambie unataka utulivu, atakuona mvivu. Mwambie hesabu utampelekea saa nne, na saa nne umpelekee kweli. Ukifanya hivyo wiki mbili, mlango atakulindia yeye mwenyewe. Na konyo lako ni kijidaftari. Ukiitwa katikati ya kazi, andika kwanza ulipofika, ndipo uinuke. Ukipewa agizo ukumbini, liandike pale pale. Usione haya, anayeandika hamuudhi mtu, anayesahau ndiye anayeudhi.

Yapo lakini mambo unayoyataka yakae kichwani, kama huo utaratibu mpya wa malipo unaoulalamikia. Hayo yafanye kama ulivyofanya chuoni ulipokuwa ukisoma Qur'ani. Hukupewa aya mpya mpaka umeisoma ya jana bila ya kuutazama msahafu, na kila baada ya siku kadhaa ulirudishwa nyuma kudurusu. Nilipokuwa nasomea ualimu tulisomeshwa habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyejihifadhisha silabi zisizo na maana kisha akajipima mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1885 ameonesha kwamba saa moja tu baada ya kujifunza, zaidi ya nusu imeshapotea, na kinachobaki hupotea polepole, na kwamba kurudia siku mbalimbali kunashinda kukariri kwa mkupuo. Nikacheka darasani, kwa sababu mwalimu wetu wa Qur'ani, aliyetembea na bakora, alikuwa akituendesha hivyo hivyo. Kwa hiyo funika karatasi, useme hatua zote kwa mdomo wako, kesho useme tena, wiki ijayo tena. Kuisoma tu na kuikodolea macho hakukusaidii.

Na ulale. Usingizini ndipo akili inapoyapanga ya mchana. Wewe una mtoto anayenyonya usiku, hilo silisahau, basi mpe mumeo mtoto alfajiri moja moja ukalale, hatakufa. Kahawa ya magharibi iache: baada ya saa kama tano nusu yake bado imo mwilini. Tena nenda hospitali ukapimwe damu. Aliyejifungua karibuni akipungukiwa na damu, au tezi ya shingoni ikilegea, kichwa huwa kizito hivyo hivyo, na hapo kigoda wala daftari havitakusaidia kitu.

Jengine ni langu. Jana usiku nilihesabu simu nilizokupigia wiki iliyopita: kumi na moja, na nyingi asubuhi, moja ilikuwa ya mbuzi wa jirani. Kuanzia Jumatatu sitakupigia mpaka baada ya adhuhuri. Ukiona nimepiga mara mbili mfululizo kabla ya saa nne, pokea, kuna msiba.

Mabungo nimempa mtu anayepanda boti ya kesho. Nimemwambia akupigie akishafika bandarini.

Mama yako