Mjomba, simu yako haina virusi

Msimu uliopita wa korosho mjomba alishuka kutoka Tandahimba akafikia kwangu, Ligula. Shikamoo yangu hata hajaitikia vizuri, simu tayari iko mkononi mwangu. "Hebu itazame hii, inaniambia ina virusi kumi na tatu."

Virusi hakuna, lile nalo lilikuwa tangazo. Alichokuwa anatafuta ni bei ya mnada tu. Nikakaa pembeni yake nimtazame anavyofanya. Akafungua ukurasa. Dole gumba lake, lililobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, likashuka taratibu kuelekea kichwa cha habari. Kabla halijagusa, ukurasa ukaruka, tangazo la kubeti likakaa palepale, dole likatua juu yake. Mara tatu mfululizo. Ya nne akasema, "Unaona? Inanichezea."

Kumbe kwa kubonyezabonyeza hivyo alishajiunga na huduma ya kutumiwa meseji za mapenzi kila asubuhi, na salio linakatwa. Mzee mwenye wajukuu tisa.

Mimi nikaanza kwa kukosea. Nilimwekea programu ya bure ya kuzuia matangazo, niliyoiokota harakaharaka. Ikawa inaleta matangazo yake yenyewe! Nikaifuta kimya kimya.

Kilichotusaidia hakikuhitaji kupakua chochote, kimo ndani ya simu. Ukurasa wa habari hautoki sehemu moja. Maandishi yanatoka kwenye kompyuta moja, matangazo yanatoka kwingine kabisa, na kwa kila kimoja simu lazima iulize kwanza: huyu anakaa wapi? Anayejibu ndiye anaitwa DNS. Ni kama bodaboda anayeingia Chikongola kutafuta nyumba ya mtu, akamuuliza mjumbe. Mjumbe akisema "huyo hakai hapa", boda anageuza. Kwa kawaida mjumbe wako ni wa kampuni ya laini, naye anaelekeza kila mtu. Unachofanya ni kubadilisha mjumbe, uchukue mwenye orodha ya wenye matangazo, anayewakana wote. Tangazo halifiki, na bando lako halilitumikii.

Kwenye Android kuanzia toleo la 9, lililotoka 2018, ingia kwenye mipangilio ya mtandao utafute DNS ya faragha. Simu iliyowekwa Kiingereza imeandika Private DNS. Kwenye Samsung imejificha ndani ya miunganisho, chini kabisa kwenye mipangilio zaidi. Chagua ile ya kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika dns.adguard-dns.com, bila https, bila nafasi. Hifadhi. Kama simu inashikwa na watoto, andika family.adguard-dns.com, inafunga na kurasa za ngono. Mwenye iPhone anahitaji kupakua wasifu maalumu kutoka kwa mtoa huduma mwenyewe, na hapo simsemei zaidi maana sina iPhone.

Herufi zikague mara mbili. Mimi niliandika "adgaurd", nikampa mzee simu, nikaenda zangu sokoni. Nusu siku nzima hana WhatsApp, anaamini bando limeibiwa. Jina likikosewa, intaneti yote inasimama. Wi-Fi za gesti nazo baadhi hugoma ukiwa na mpangilio huu. Zima kwa muda, ukitoka washa.

Usitegemee miujiza. Matangazo ya YouTube na ya Facebook yatabaki, kwa sababu yanatoka nyumba ileile inayotoa video na picha unazozitaka. Mjumbe akiikana nyumba hiyo unakosa vyote. Meseji nazo hazipiti huku kabisa. Zile za mapenzi ilibidi tujitoe kwa kuwapigia huduma kwa wateja, na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" peleka 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Tena ujue kwamba huyo mjumbe mpya anaona majina ya tovuti unazokwenda, ingawa haoni unachosoma wala kuandika humo. AdGuard ni kampuni yenye makao Cyprus. Mimi nimeridhika naye. Wewe usikubali jina lolote tu lililotupwa kwenye grupu la WhatsApp, maana mjumbe mbaya anaweza kukuelekeza kwa mwizi.

Mjomba alirudi kwao simu imetulia, ukurasa wa bei haumruki tena. Wiki mbili baadaye akanipigia, anataka na ya shangazi iwekwe hivyohivyo. Nikaanza kumtajia herufi: d ya dagaa, n ya Newala, s ya samaki, nukta. Tukaenda vizuri mpaka kwenye kistari.

"Kile cha chini?"

"Hapana mjomba, cha katikati."

"Katikati ya nini?"