Tovuti yangu ni ya kuku wa kienyeji, mbona matangazo ni ya kuchumbiana?

SWALI: Nina tovuti ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji. Nimeitengeneza kwa WordPress, na Google AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu kwa malipo, wamenikubalia. Matangazo yanatokea, ila hayahusiani kabisa na kuku: dawa za kupunguza unene, tovuti za kuchumbiana, michezo ya simu, hoteli za Dubai. Wafugaji, wengine watu wazima wa kuheshimika, wananiuliza kwa nini naweka mambo ya aibu. Nimejaza maneno “kuku, vifaranga, mayai, chanjo” chini ya kila ukurasa, wapi! Nifanyeje ili yatokee matangazo ya mashine za kutotolea, chakula na dawa za mifugo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuziondoa hoteli za Dubai kwenye malalamiko yako, maana huenda unaziona peke yako. AdSense haichagui tangazo kwa kuangalia ukurasa tu. Inaangalia ukurasa, inamwangalia anayeusoma, na inaangalia kama kuna mfanyabiashara aliyeomba tangazo lake lionekane kwenye tovuti yako au tovuti za aina yako. Hao wote wanaingia kwenye mnada unaofanyika kila ukurasa unapofunguliwa, na kwa kawaida anayetoa dau kubwa ndiye anayechukua nafasi. Kama juzi ulikuwa unatafuta tiketi au hoteli kwa simu yako, tangazo la hoteli litakufuata hadi kwenye makala ya ugonjwa wa mdondo. Mfugaji wa Kilosa aliyefungua ukurasa uleule anaona kingine. Kwa hiyo usipime kwa kivinjari chako cha kila siku. Fungua ukurasa kwenye Hali Fiche (Incognito), dirisha la kivinjari lisilotumia kumbukumbu za ulikopita, kisha mwombe ndugu au rafiki aliye mkoa mwingine akupigie picha ya skrini. Yanayojirudia kwa watu tofauti ndiyo ya kushughulikia.

Na tafadhali, unapopima usibofye tangazo lolote, wala usiwatumie watu wa kundi la WhatsApp wakubofyee “kukuunga mkono”. Google wanafunga akaunti kwa jambo hilo, na kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Sasa tuje kwenye ukurasa wenyewe, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa lilipo kwenye tovuti nyingi za Kiswahili ninazoombwa kuzikagua. AdSense wana roboti wao, yaani programu inayopita ikisoma kurasa zenye matangazo. Jina lake ni Mediapartners-Google. Roboti huyo ni msomaji wa maandishi. Chukua ukurasa wa kawaida wa tovuti kama yako: kichwa cha habari kinasema “Siri imefichuka! Tajirika haraka kwa mtaji mdogo”, chini yake kuna mistari miwili ya salamu, halafu picha moja kubwa ya jedwali la kuchanganya chakula, imepigwa kutoka kwenye daftari au kijitabu. Mfugaji anaiona picha na kuelewa kila kitu. Roboti maandishi anayoyapata ni utajiri, siri, haraka na mtaji. Ukishaandika hivyo, usishangae kuletewa matangazo ya watu wanaouza ndoto za utajiri.

Ukurasa huohuo uandike upya. Kichwa kiwe “Jinsi ya kuchanganya chakula cha vifaranga wa kienyeji”. Jedwali liwe la maandishi, si picha: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi, na kilo za kila kimoja. Aya moja ieleze vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nini, nyingine wale wanaokaribia kutoka kwenye joto. Picha ibaki kama unaipenda, lakini iandikie maelezo yake. Ukurasa wa chanjo nao uuandike hivyo hivyo: taja mdondo na jina lake la pili, kideri, taja chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu, namna ya kuitunza njiani. Ukurasa wa namna hii unajieleza, na mfugaji naye ananufaika.

Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua ukurasa wako, bonyeza Ctrl na U, yatokee maandishi ya ndani ya ukurasa. Kisha bonyeza Ctrl na F utafute neno “mdondo”. Kama unaliona kwenye ukurasa wa kawaida lakini huku halipo, basi ama limo ndani ya picha au linaletwa na programu nyingine baada ya ukurasa kufunguka, na usitegemee kwamba roboti analipata.

Yale maneno uliyoyarundika chini ya kurasa yaondoe yote. Rundo la maneno yasiyo na sentensi halimwambii roboti lolote ambalo makala nzuri haijamwambia, na Google wanalihesabu kuwa hila. Kuyaficha kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ni kosa kubwa zaidi.

Hakikisha pia mlango uko wazi. Andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari ukimalizia na /robots.txt, faili linalowaambia roboti wapi waingie na wapi wasiingie, usome kilichomo. Roboti wa AdSense hafuati amri iliyoandikwa kwa roboti wote kwa alama ya nyota; anafuata ile inayomtaja kwa jina. Ukitaka kuwa na uhakika, weka mistari hii miwili:

User-agent: Mediapartners-Google
Disallow:

Baada ya Disallow usiandike chochote. Ukiweka mkwaju (/) hapo umemfungia tovuti nzima. Wakati mwingine faili hilo liko sawa lakini anayemzuia ni plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) ya usalama, au huduma ya kuchuja wageni iliyo mbele ya seva yako, ambayo imewekwa ikatae kila kitu kisicho binadamu. Mwombe aliyekukodishia seva akuonyeshe kumbukumbu za wanaoingia, atafute jina hilo la Mediapartners-Google na aangalie amepewa jibu gani. Akiona 200, roboti amepokelewa. Akiona 403, amerudishwa mlangoni. Kurasa zinazohitaji nywila nazo roboti hazioni, mpaka umpe njia ya kuingia kupitia mipangilio ya akaunti yako ya AdSense.

Kuhusu lugha, Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense, kwa hiyo huna haja ya kuandika Kiingereza ili ueleweke. Kinachovuruga ni mchanganyiko. Kiolezo cha tovuti kimebaki na menyu ya Kiingereza, kuna maandishi ya mfano ambayo hayajafutwa, halafu makala yenyewe ni maneno mia moja ya Kiswahili. Ndani ya WordPress badilisha lugha ya tovuti iwe Kiswahili kwenye mipangilio ya jumla, futa mabaki ya kiolezo, na urefushe makala. Uzito uko kwenye maandishi yako.

Haya ya aibu yanazuilika leo. Ingia AdSense, sehemu iliyoandikwa “Brand safety”, kisha vidhibiti vya kuzuia. Kuna orodha ya makundi nyeti, na humo utakuta kuchumbiana, kupunguza uzito, kutajirika haraka, unajimu na mengine. Zima usiyoyataka. Kuna pia sehemu ya kukagua tangazo mojamoja na sehemu ya kuandika anwani ya mfanyabiashara unayetaka kumzuia. Kila kundi unalozima linapunguza wanaoshindana kwenye mnada, hivyo mapato yanaweza kushuka kidogo. Mimi ningezima bila kusita. Heshima ya wafugaji wanaokuamini kwa ushauri wa chanjo ina thamani kuliko senti za tangazo la mchumba. Ila usizime kila unachokiona. Ukizima makundi mengi mno, nafasi zitabaki tupu au zitajazwa na matangazo ya bei ya chini kabisa.

Ukiwa humo humo, angalia kama unaonywa kuhusu faili la ads.txt. Halibadilishi mada ya matangazo, lakini linawathibitishia wanunuzi nani ameruhusiwa kuuza nafasi zako, na wapo wasionunua pasipo faili hilo. Na kama una wasomaji Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2024 Google wanadai uwaombe ridhaa ya kutumia taarifa zao kwa matangazo, kupitia mfumo waliouidhinisha. AdSense wenyewe wana ujumbe wa ridhaa ulio tayari, uwashe tu.

Baada ya marekebisho, mpe roboti siku kadhaa. Haharakishwi kwa kuufungua ukurasa mara hamsini.

Lakini lazima nikwambie jambo ambalo mipangilio yote hiyo haitalitibu. Roboti anaweza kuuelewa ukurasa wako wa mashine za kutotolea neno kwa neno, na bado akaleta mchezo wa simu, kwa sababu hakuna aliyelipia tangazo la mashine ya kutotolea. Mwenye matangazo huchagua nchi, lugha na mada anazozitaka. Kampuni za michezo ya simu zinanunua dunia nzima. Fundi anayeunda mashine za kutotolea Dar es Salaam, au mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo hapo Morogoro, anatangaza Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Hayumo kwenye mnada, na asiyekuwemo mnadani hawezi kushinda.

Mfuate mwenyewe. AdSense hawakukatazi kuweka matangazo yako binafsi kwenye ukurasa huohuo, ilimradi yasiigize yale ya Google. Nenda kwa mwenye duka ukiwa na simu yako, mfungulie makala ya chanjo ya mdondo, muonyeshe nafasi iliyo chini ya aya inayosema chanjo inunuliwe wapi. Hiyo nafasi hakuna roboti anayeweza kuipanga vizuri kuliko wewe unayejua mfugaji anasoma aya ile akiwa na haja gani. Andika neno “Tangazo” juu yake ili msomaji asidanganyike, na kwenye kiungo weka rel="sponsored" ili Google wajue kimelipiwa. Kama ni dawa, hakikisha imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kabla hujapokea hela. Jina lako ndilo litakalolaumiwa kuku wakifa.

Malipo yawe ya mwezi, si ya kubofya, kwa sababu huna mfumo wa kuhesabu mibofyo ambao mwenye duka atauamini. Badala yake tumia kiungo cha wa.me chenye namba ya duka na ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano “Habari, nimeona tangazo lenu la chanjo kwenye tovuti ya kuku”. Mfugaji akibofya, WhatsApp inafunguka na maneno hayo yamo. Anachofanya ni kutuma. Mwisho wa mwezi mwenye duka anatafuta sentensi hiyo kwenye simu yake mwenyewe, anahesabu wateja, ndipo mnakaa kuongea bei ya mwezi unaofuata.