Samaki wamefika wakiwa wamepigwa na baridi? Usiwapashe joto haraka

Kila msimu huu wa baridi, Juni mpaka Agosti, lazima nipate meseji za watu walioagiza samaki wa mapambo kutoka Mombasa, boksi imeingia tao hapa Nairobi alfajiri na basi ya usiku, wanafungua wanakuta samaki wamelala chini ya mfuko hawasongi. Wengi hudhani washakufa. Tafadhali usimwage kabla hujaangalia matamvua, pale kando ya kichwa. Samaki hana joto lake mwenyewe, anachukua la maji, kwa hivyo maji yakipoa mwili wake wote unapunguza mwendo, na kama matamvua yanafunguka hata polepole huyo yuko hai na mara nyingi atarudi.

Fikiria tu hiyo safari. Ni karibu kilomita 480, kutoka baharini mpaka huku kwetu juu zaidi ya mita 1,600, na kile kipande cha mwisho cha Emali kuja Athi River basi hukipita saa zile baridi ndio kali kabisa. Gapi, beta na neoni tetra wanataka maji ya digrii kama 24 hadi 27, na ukipima mfuko unaweza kupata 18. Goldfishi yeye usimhofie sana, huyo ni wa maji baridi.

Kinachowamaliza wengi ni huruma ya mwenyewe. Anaona wamekakamaa, anawatumbukiza kwa tangi ya digrii 26 hapo hapo ama anaongeza maji moto ya birika. Hapana! Huo mruko wa ghafla unaweza kumuumiza kuliko baridi yenyewe. Mimi huwafuata huko chini walipo: nachukua tangi ndogo ya pembeni, naweka maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, yawe digrii moja ama mbili tu juu ya yale ya mfuko, nikishawaingiza ndio nawasha hita nipandishe kama digrii moja kwa saa. Itakula asubuhi yote mpaka mchana, wacha ikule.

Na mfuko usiufungue mapema, hii watu hawaambiwi kabisa. Usiku kucha wamepumua na kuchafua mle ndani, kuna amonia, lakini kaboni dioksidi iliyofungiwa humo inafanya maji kuwa na asidi kidogo, na kwa hiyo asidi amonia haiwi kali sana. Ukifungua, kaboni inatoka, asidi inapungua, amonia inageuka sumu wakati huo huo samaki wako bado hana nguvu. Kwa hivyo mfuko uelee kwa ile tangi ya pembeni ukiwa umefungwa kama dakika 20, kisha fungua, vua na wavu, waingize, maji ya safari mwaga nje.

Baada ya hapo zima taa, funika tangi, pampu ya hewa iendelee kwa sababu maji yakipata joto oksijeni inapungua. Chakula mpaka kesho, tumbo lililopoa halisagi. Hita ya wati moja kwa lita inatosha nyumba nyingi. Stima ikipotea, zungushia blanketi na uweke chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri ielee ndani, ukiangalia kipimajoto kisipande haraka.

Waache pembeni wiki mbili au zaidi kabla ya kuwachanganya na wengine, maana baridi hushusha kinga na siku chache baadaye unaweza kuona vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Ukiviona tafuta dawa ya madoa meupe siku hiyo hiyo na umalize dozi hata vidoa vikipotea, kwa sababu dawa huua kile kimelea kikiwa kinaogelea majini, sio kikiwa kimejificha chini ya ngozi.

Kabla hujatuma pesa tena, mwombe muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari, afunge mifuko na magazeti mengi ndani ya boksi, na kama kuna basi ya mchana awatume na hiyo.