Maswali ya Wasomaji: Estrojeni imepanda, nami natumia sindano za testosteroni

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mkazi wa Tanga. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe katika tezi ya pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza tezi nyingine za homoni, mwili wangu uliacha kutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya kutosha, na tangu mwaka jana nachomwa sindano ya testosteroni enanthati, miligramu 250 kila baada ya wiki 3. Nguvu zimerudi, lakini siku chache baada ya sindano chuchu huniuma hata shati likizigusa, na wiki ya mwisho huwa mchovu na mwepesi wa hasira. Nilipima estradioli, ambayo ndiyo aina kuu ya estrojeni, homoni ya kike, siku ya tatu baada ya sindano, ikawa pikogramu 54 kwa mililita, ilhali karatasi ya majibu inaonyesha kuwa mwisho wa kawaida ni 40. Mwenzangu wa mazoezi amenipa vidonge vya anastrozoli, akisema kila anayetumia testosteroni sharti “aue estrojeni”. Je, nivimeze?

JIBU: Ndugu msomaji, usivimeze. Hilo la kuua estrojeni limeenea sana kwenye kumbi za mazoezi, na limewaponza wengi, kwa sababu linaichukulia estrojeni kama takataka iliyoingia mwilini mwa mwanamume kwa bahati mbaya.

Testosteroni inapozunguka katika damu, sehemu yake ndogo hugeuzwa kuwa estradioli na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho kimo kwa wingi katika mafuta ya mwili. Mwanamume anaihitaji estradioli hiyo. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kabisa: alikuwa na urefu wa sentimita 204 na alikuwa bado anarefuka, huku mifupa yake ikiwa imepungua uzito kupita kiasi ingawa testosteroni yake ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, wakiongozwa na Joel Finkelstein, walizima homoni za wanaume wenye afya njema, wakawarudishia testosteroni kwa vipimo mbalimbali, na baadhi yao wakawapa pia anastrozoli, hiyo hiyo uliyopewa, ambayo huizuia aromatasi isitengeneze estrojeni. Walionyimwa estrojeni waliongezeka mafuta mwilini na hamu yao ya tendo la ndoa ikashuka. Anastrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti ya wanawake waliokoma hedhi. Mwanamume anayeimeza bila kusimamiwa huweza kuishia na maumivu ya viungo na mifupa dhaifu.

Sasa tuitazame namba yako. Baada ya sindano ya enanthati, testosteroni hupanda sana katika siku chache za mwanzo, kisha hushuka polepole, na estradioli huifuata kokote iendako. Wewe ulipima siku ya tatu, yaani karibu na kilele, kwa hiyo 54 haituelezi hali yako ya siku nyingi. Isitoshe, vipimo vya kawaida vya estradioli katika maabara nyingi viliundwa kwa kuzingatia viwango vya wanawake, ambavyo ni vikubwa, na havina usahihi wa kutosha katika viwango vidogo vya wanaume. Binafsi nisingemwandikia mtu dawa kwa kutegemea karatasi hiyo peke yake.

Dalili zako zinaeleza mengi kuliko namba. Chuchu kuuma mwanzoni na uchovu mwishoni ni picha ya mtu anayepandishwa mlima kisha akateremshwa bondeni kila wiki 3. Miligramu 250 kwa wiki 3 ni kama miligramu 83 kwa wiki, kiasi ambacho si kikubwa. Kasoro imo katika kukimimina chote kwa siku moja. Mwombe daktari wako mjadiliane kuhusu sindano ndogo za kila wiki, ambazo kwa kawaida huwa kati ya miligramu 75 na 100, au jeli ya kupaka kila siku ikiwa inapatikana na mfuko unaruhusu. Mkishabadilisha ratiba, testosteroni ipimwe katikati ya sindano mbili, pamoja na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kwani ikizidi asilimia 54 tiba husimamishwa kwanza hata kama estrojeni iko sawa. Ikiwa una kitambi, kukipunguza kutapunguza pia kazi ya aromatasi, na pombe nyingi nayo iachwe, maana huvuruga ini ambalo ndilo huisafisha estrojeni.

Kwa kuwa uvimbe wako ulikuwa wa pituitari, yapo mambo mawili ambayo mwenzako wa mazoezi hawezi kuyajua. Prolaktini, homoni ya pituitari inayochochea maziwa, ipimwe, kwa sababu ikipanda inaweza kuchangia dalili za matiti, na uchovu wako usihesabiwe kuwa wa testosteroni hadi kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili msongo, na homoni za tezi ya shingo zithibitishwe kuwa ziko sawa.

Maumivu yakiendelea baada ya miezi mitatu ya ratiba mpya, au ukipapasa chini ya chuchu na kukuta tishu inayokua, zipo dawa ambazo daktari wa homoni anaweza kukupa kwa muda maalumu. Lakini ukikuta donge gumu upande mmoja, ngozi iliyovutika ndani, au damu ikitoka kwenye chuchu, usingoje ratiba yoyote. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo ukachunguzwe.