Maswali na majibu: mzinga mpakani, maji ya banio na sahani ya jirani

Swali (Tukuyu): Shehe, jirani yangu Mmoraviani ameniletea ndizi za nyama siku ya sikukuu yao. Nile au nimwage?

Jibu: Umwage chakula? Swali hili linarudi kila msimu wa sikukuu kama mafua, na jibu limo katika Suratul Maida, aya ya 5: chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Nguruwe, mzoga, damu na pombe hubaki haramu hata vikiletwa na jirani mwema namna gani. Una shaka na nyama, muulize kwa upole imechinjwa wapi. Mwaka 2013 mzozo wa nani achinje nyama, Muislamu au Mkristo, ulifika hadi Tunduma. Baina ya majirani wawili swali moja la upole linatosha. Halafu sahani ya watu usiirudishe tupu.

Swali (Mafinga): Nina mizinga minane karibu na mpaka wa shamba. Nyuki wamemuua mbuzi wa jirani, naye si Muislamu. Anadai alipwe. Mimi nimesoma kwamba mnyama akidhuru hakuna fidia, na nyuki wametajwa kwenye Qur'ani. Nani ana haki?

Jibu: Yeye. Na dini ya jirani umeitaja kwa sababu gani? Haina kazi katika hesabu hii.

Hadithi ya kwamba jeraha la mnyama halina fidia ni sahihi, Bukhari na Muslim wameipokea. Lakini wanavyuoni wameifungia sharti: mwenye mnyama asiwe amezembea. Wewe umetundika mizinga minane mahali unapojua mbuzi hufungwa kamba. Mbuzi wa kamba hana pa kukimbilia. Mlipe, kisha rekebisha kosa lililomuua.

Nyuki mmoja akidunga, mwiba hubaki mwilini na kuachia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake, nao hudunga palepale. Kwa hiyo mwiba utolewe upesi, kwa kucha au kwa vidole, maana kadiri unavyokaa ndivyo sumu inavyozidi kuingia, na mahali palipodungwa papulizwe moshi kuizima harufu. Asiende mtu mzingani akiwa ametoka kula ndizi. Kagueni na kurina jioni, si mchana watu wakiwa mashambani.

Kuhamisha mizinga nako kuna namna yake. Ukiuhamisha mzinga hatua hamsini, nyuki waliotoka kutafuta chakula watarudi pale pa zamani, wasiukute, wawe wakali kuliko jana. Ama usogeze hatua moja tu kila baada ya siku kadhaa, ama uupeleke usiku zaidi ya kilomita tano. Kama huwezi lolote kati ya hayo, geuza mlango utazame kwako, kisha panda ua mnene unaofika mita mbili upande wa jirani, ili nyuki wapande juu kabla ya kuvuka mpaka. Weka na beseni la maji lenye mawe ya kutulia, na uliweke kabla ya kiangazi. Wakishazoea bomba la jirani, kuwarudisha ni kazi.

Suratun Nahl, aya ya 68, inawaruhusu nyuki kufanya majumba milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Haikukuruhusu wewe kuyatundika mpakani. Kanuni yako ni ile hadithi ya kusiwe na kudhuru wala kudhuriana.

Swali (Makambako): Inafaa kwenda kwenye mazishi ya jirani Mkristo?

Jibu: Nenda, na jembe ulibebe. Mtume (s.a.w.) alilisimamia jeneza la Myahudi, alipoambiwa ni Myahudi akauliza, "Kwani si nafsi?" Ibada yao waachie wenyewe, kaburi chimba, wafiwa wape pole.

Swali (Mwanjelwa): Ustadhi, mbona wanyama wanaishi kwa amani na sisi binadamu tumeshindwa?

Jibu: Nani kakwambia? Waulize mende siafu wakipita. Wahubiri wetu wameipenda mno picha ya msitu ulio kimya, na Qur'ani haikusema hivyo. Suratul An'am, aya ya 38, inasema wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na umma una njaa zake na mipaka yake. Suratur Rahman ndiyo inayotaja mizani, na kuamuru tusiipunguze. Chui anayekamata swala mmoja akashiba hajavunja mizani. Anayechoma mlima mzima ili atoe panya wawili, huyo ameivunja. Nabii mmoja aliumwa na chungu akaamuru kiota chote kichomwe. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuteketeza umma mzima kwa sababu ya chungu mmoja.

Na siafu wakiingia ndani, moto msiwashe. Toeni watoto, fungueni kuku na mbuzi, subirini saa chache. Watakula mende wenu na kuondoka.

Swali (Mbarali): Mashamba yetu yako juu ya mfereji. Wa chini wanalalamika maji hayawafiki. Si haki ya aliye juu kuanza?

Jibu: Kuanza, ndiyo. Kumaliza, hapana. Katika mgogoro wa maji wa sahaba Zubayr na jirani yake, hukumu ya kwanza ya Mtume ilikuwa: mwagilia, kisha mpelekee jirani maji. Na kwa bonde la Mahzur, huko Madina, kipimo kilichotolewa ni maji kufika vifundoni, kisha yaachiwe. Mpunga uliopandikizwa hauhitaji hata hayo; sentimita mbili hadi tano zinautosha, na ukiuzamisha unachipua machache. Anayejaza majaruba mpaka magotini anapoteza maji, mbolea na jirani kwa pamoja. Zibeni matuta yanayovuja, pangeni zamu kwa saa zilizoandikwa, na banio, yaani lango la maji la mfereji, lisifungwe na mtu mmoja usiku. Wa chini si wakulima tu. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi hifadhini tangu miaka ya 1990, na viboko hawana kamati ya kuwalalamikia.

Swali (Iringa): Kamati ya msikiti imepanda milingoti (mikaratusi) kuzunguka chemchemi ili tupate mapato. Kijiji kinasema maji yamepungua. Tufanye nini?

Jibu: Kateni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za maji, na hadithi imetaja maji kuwa ni ya kushirikiana watu wote, hayana madhehebu. Msing'oe visiki, udongo utaporomokea chemchemini. Kisiki cha mlingoti huchipua, hivyo menyeni gome lote mpaka chini ya usawa wa ardhi, na kila chipukizi livunjwe likiwa changa mpaka kisiki kichoke. Pandeni mikuyu mahali pake. Milingoti ya mapato ihamie mgongoni mwa kilima, mbali na maji. Anzeni na ile iliyo karibu kabisa na jicho la maji, na waiteni wanakijiji wote wachukue kuni.