Kutowasaidia nako kunatugharimu

Kaka, umeandika kwamba kuwatafutia makazi wanaolala nje pale Sabasaba na Majengo ni kupoteza kodi. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Hiyo kodi unayoilinda tayari inatumika, ila hutumwi risiti.

Mwezi Julai, baridi ile ya usiku unayoijua, tulipokea kijana wa kama miaka 15. Alikuwa amekatwa na chupa mguuni, akafunga kipande cha mfuko wa sandarusi. Kama angekuwa na mahali pa kuoga na kulala, kidonda kile kingepona kwa sabuni na bandeji. Alilazwa wiki 3. Hana ndugu wala bima, kwa hiyo afisa ustawi akamwandikia msamaha. Msamaha maana yake hospitali inabeba: dawa, chakula, kitanda ambacho mgonjwa mwingine alikihitaji. Alipotoka alirudi kwenye maboksi yaleyale. Roho iliniuma sana.

Chukua na kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na kwa kawaida ni miezi 6 bila kukatisha. Mtu anayefukuzwa kila usiku atazitunza wapi? Akikatisha, ugonjwa unaweza kuwa sugu, na hapo tiba ni ghali zaidi, tena keshawaambukiza wengine kwenye daladala.

Sijagusa polisi na mahabusu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa halmashauri wajibu wa kuwalinda watoto hawa. Tuwaulize madiwani wetu wametenga kiasi gani.