Kivuli Nilichokikata

Mhariri, swali lenu la wiki hii kwa wasomaji linasema: "Picha zote ziko kwenye simu. Je, bado kuna haja ya kuzichapa kitabu?" Jibu langu ni hapana. Sisemi picha zibaki kwenye simu zife pamoja nayo. Nasema hapana kwa sababu nimeshachapa nakala sita, nikazigawa huku nikitabasamu, na leo ningepata njia ningezikusanya zote nizifiche uvunguni.

Najua wengi mtaandika kuhusu simu iliyodumbukia majini, au nywila iliyosahaulika na miaka kumi ya picha ikapotea nayo. Hoja hiyo naikubali bila ugomvi. Vint Cerf, mmoja wa waliobuni kanuni zinazoiendesha intaneti, alishauri mwaka 2015 kwamba picha unazozijali kweli uzichape. Mtu kama huyo akikwambia usiitegemee kompyuta, huna la kubisha. Linalonikereketa mimi ni jingine, ambalo swali lenu halikuligusa: yale maneno chini ya picha anayaandika nani, na kwa kumuuliza nani?

Baba alipofariki aliacha bahasha tatu na kopo moja la picha, pamoja na vipande vya mikanda ya hasi, yaani filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, vilivyofungwa kwa mpira uliokwisha kuoza. Mimi ndiye mwenye kompyuta na skana, basi kazi ikaniangukia. Nilifanya kila usiku kwa wiki tatu, picha 340. Nilikuwa nalaza picha kifudifudi juu ya kioo, nabonyeza, natoa, naweka nyingine. Zile zenye maandishi mgongoni sikuziskani upande huo. Ningepoteza muda wa nini? Mgongo wa picha si picha.

Programu ya kupangia kitabu ikazipokea zote na kuzipanga kwa tarehe. Tarehe gani? Ya faili, yaani ya usiku nilipoziskani. Matokeo yake Baba akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alitokea baada ya wajukuu wake kuhitimu shule. Nilicheka, nikazipanga upya kwa mkono, na nadhani hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Nilijiona nimeshaijua familia hii kuliko mashine, kwa hiyo naijua.

Kulikuwa na picha moja niliyoipenda kupita zote. Ya mraba, nyeusi na nyeupe, yenye ukingo mweupe. Vijana wawili wamesimama mbele ya ukuta, mmoja ni Baba, mkono wake uko begani kwa mwenzake, na mwenzake ameshika baiskeli. Wanakunja macho kwa sababu jua linawapiga usoni. Chini, kwenye vumbi, kuna kivuli kirefu cha mtu aliyevaa kofia, kinakaribia kufika kwenye gurudumu la mbele.

Nikaamua iwe ya kurasa mbili zinazotazamana, katikati kabisa ya kitabu. Waliowahi kufanya kazi hii wanajua tatizo: picha ni mraba, nafasi ni ndefu ya kulala. Ukitaka ijaze, lazima ukate juu au chini. Juu kulikuwa na vichwa. Chini kulikuwa na vumbi na kile kivuli, ambacho mimi nilikiona kama kasoro ya mpiga picha asiyejua kazi. Nikakivuta nje ya ukurasa kwa kidole kimoja. Ilichukua sekunde mbili.

Kisha nikaandika maelezo, kwa herufi nzuri za mlazo: "Baba na Baba Mdogo, 1974." Baba Mdogo nilikuwa na uhakika naye. Alikuwa mwembamba, na yule wa baiskeli ni mwembamba. Sikuwa na ushahidi zaidi ya huo. Mwaka nao niliukisia kwa suruali.

Niruhusuni hapa niseme kidogo kuhusu kitabu chenyewe kama kitu, maana kilinichosha. Kilikuwa na kurasa 112. Picha nilizozichukua kwenye kundi la familia la WhatsApp zilitoka kama zimefutwa kwa kitambaa kibichi. Nilikuja kuelewa baadaye: picha ikipita humo hupunguzwa, na yenye upana wa pikseli 1600 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inafika sentimita 13 na nusu tu, nami nilikuwa nimeitanua hadi ukurasa mzima. Picha za jioni nazo zikatoka na giza, kwa sababu kioo cha kompyuta kinawaka na karatasi haiwaki. Na ile ya katikati mkunjo uliimeza sehemu ya bega la Baba pamoja na mkono wake, kwa kuwa kilikuwa kitabu cha kugandishwa kwa gundi mgongoni, na vya aina hiyo havilali wazi hata uvikandamize vipi. Lakini jalada lilikuwa gumu, lilinukia upya, na nakala sita zilipofika kwenye boksi niliketi nazo sakafuni kama mtu aliyejifungua.

Nakala moja ya Mama. Nne za sisi ndugu. Ya sita nilimpelekea Mama Mdogo, mjane wa Baba Mdogo.

Mama, ambaye ana miaka 79, alikifungua taratibu akilowesha kidole kila ukurasa. Alicheka penye kucheka. Alipofika katikati akanyamaza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu nani?" akaniuliza.

"Baba Mdogo, Mama."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nikamwambia nimemtambua kwa sura.

"Huyu si shemeji yangu," akasema. "Huyu ni mwenye baiskeli. Jina lake limenitoka. Shemeji yangu ndiye aliyepiga. Alikuwa ameazima kamera, anatupiga sote, hataki mtu mwingine aishike." Akapitisha kidole ukingoni mwa ukurasa, chini, akakirudisha, akakipitisha tena. "Kulikuwa na kivuli chake hapa. Na kofia. Kimekwenda wapi?"

Nilimletea picha yenyewe. Aliishika kwa kingo zake, akaweka ncha ya kidole juu ya kile kivuli, akasema, "Huyu hapa," kwa sauti ambayo mtu humkaribishia mgeni.

Niligeuza mgongo wa picha nikitafuta msaada. Hapakuwa na kitu ila namba ya penseli, ya fundi aliyeisafisha. Basi hapo ndipo nilipokuwa: mtu mmoja nimempa jina lisilo lake, na mwenye jina nimemkata nikamtupa. Siku zile waliopiga picha waliambiwa wasimame jua likiwa mgongoni mwao, liwamulike wanaopigwa. Ndiyo maana picha za zamani zimejaa vivuli vya walioshika kamera. Nilikuwa nalijua hilo. Nilisoma mahali, miaka mingi nyuma, na halikunisaidia chochote.

Lililoniuma zaidi lilikuja usiku. Nilikumbuka nakala ya sita. Nikapiga moyo konde, asubuhi nikampigia simu Mama Mdogo, nikaanza kujitetea kabla hata ya salamu kuisha. Akanikatiza kwa upole: "Niliona, mwanangu. Nikasema labda yumo kwingine ndani."

Hakuwemo kwingine. Niliyakata mazungumzo kwa kisingizio cha mtandao, nikapekua kurasa zote 112, na Baba Mdogo hakuwa hata kwenye moja. Karibu picha zote za miaka ile alizipiga yeye.

Sasa mtu ataniambia: makosa hutokea, rekebisha. Kwenye simu, sawa, ningefuta na kuandika upya, na baada ya siku mbili hakuna anayekumbuka. Kilichochapwa ni maji yaliyomwagika. Na kuna jambo baya zaidi ya kutofutika: kinaaminiwa. Binti yangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita nilimsikia akibishana na bibi yake juu ya picha ileile. Mama anamwambia huyo ni mwenye baiskeli, mtoto anamjibu, "Lakini Bibi, kitabu kimeandika Babu Mdogo." Mama aliyekuwepo siku ile anashindwa hoja na mimi ambaye sikuwa nimezaliwa, kwa sababu mimi nina jalada gumu!

Ndiyo maana nilianza na hapana. Na ningeishia hapo, ila katika kuandika barua hii nilikwenda kuichukua nakala ya Mama ili nihakikishe idadi ya kurasa, nikakuta jambo ambalo hakuniambia.

Amekata maneno yangu kwa kalamu ya wino. Mstari mmoja, umenyooka, wa mtu aliyefundishwa kuandika na mwalimu mkali. Juu yake ameandika "mwenye baiskeli". Chini, pale ukingoni ambapo kivuli kingekuwa, amechora mshale unaotoka nje ya ukurasa, na kando yake jina kamili la Baba Mdogo. Wino umesambaa kidogo kwa sababu karatasi inang'aa na haiunywi. Nikafungua kurasa nyingine. Ameandika karibu kote. Majina ya majirani, ya watoto ambao sikujua ni wa nani, na penye picha moja ya harusi neno moja tu, "Uongo", ambalo bado sijathubutu kumuuliza. Katika bahasha picha hizi zilikaa miaka zaidi ya arobaini na sijui kama aliwahi kuandika hata herufi. Kuna zile zenye maandishi mgongoni, ni kweli, lakini hati ni ya Baba. Mama alingoja hadi akosewe.

Msomaji mmoja wa wiki iliyopita alisema kitabu cha picha kikishachapwa kimekwisha, ndiyo raha yake. Nilipomsoma nilikubaliana naye, tena kwa hasira, kwamba hiyo ndiyo karaha yake. Sasa sikubaliani na yeyote kati yetu. Inasemekana wa kwanza kabisa kutoa kitabu chenye picha za kamera alikuwa mwanamke wa Uingereza, Anna Atkins, kuanzia mwaka 1843. Na kwa kweli hata kamera hakutumia, alilaza mimea ya mwani juu ya karatasi yenye dawa na kuianika juani, ikatoka nyeupe juu ya samawati. Majina ya mimea yamo kwa mwandiko wa mkono wake. Sikupata kujali habari hiyo hadi leo mchana, nilipokuwa nimeshika nakala ya Mama.

Kwa hiyo mhariri, jibu langu ni ndiyo. Chapeni. Lakini ndiyo yenye masharti, na kama huyawezi rudi kwenye hapana yangu ya mwanzo, haitakuumiza. Chapa nakala moja kwanza, si sita, umpe aliyekuwepo, umwachie kalamu na usimharakishe. Tumia karatasi isiyong'aa, wino ushike. Skani na migongo ya picha. Nimeirudia kazi hiyo na nimekuta picha 41 zenye maandishi, nne kati yake zikinipinga. Usiandike jina la mtu kwa kumkisia. Na picha ya zamani usiikate kingo, hata ukurasa ubaki na uwazi mkubwa mweupe unaokuchefua. Hili la mwisho nalisema kwa uhakika kuliko hayo mengine, ingawa najua kuna picha ambazo bila kukatwa ni ukuta mtupu na mguu wa meza.

Nilimuuliza Mama kama nizichape upya zote sita, zilizosahihishwa. Amekataa. Anasema ziachwe zilivyo, na wengine waje kwake wakitaka kujua. Nimekubali kwa nakala tano. Ya Mama Mdogo nitaibadilisha, atake asitake.

Hiyo mpya iko tayari kwenye kompyuta. Picha ya baiskeli imekaa peke yake ukurasa wa kulia, mraba wa sentimita 18, pamoja na ukingo wake mweupe na kivuli chote hadi kofia. Chini sijaandika kitu. Ningekuwa nimeshaiagiza jana, ila Mama alipitia kwenye kioo akaniambia ukurasa wa 30 nimemgeuza Baba, kwamba hakuvaa saa mkono wa kulia hata siku moja maishani mwake. Picha ile niliiskani kutoka kwenye hasi, ambayo ukiilaza kinyume kulia huwa kushoto. Nimeitoa kwenye bahasha, nimeishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza huku na huku, na nadhani amesema kweli.